Kitufe cha Endelea

Kemilembe,

Sikuulizi hali kwa sababu nakuona. Uko uani unaanua nguo, na kila unayoianua unaikunja papo hapo begani, kama alivyokuwa akifanya mama yako. Kesho alfajiri utakuwa stendi. Mambo ya safari sitayagusa. Una akili ya kutosha kujua begi gani likae miguuni na nani wa kumpigia ukifika Mwanza. Mama yako mdogo atakupokea. Dukani kwake kuna sare za shule za kuuza mpaka uzeeke, na wewe umeshakubali kuzeeka nazo. Ni huko kukubali kwako kulikonifanya nishike kalamu.

Koo langu unalijua. Asubuhi linatoa maneno machache, mchana linatoa upepo. Daktari aliponiambia nikasubiri nyumbani hakuhitaji kunieleza nasubiri nini. Lakini hata kama ningekuwa na sauti yangu ya zamani, ile iliyonyamazisha shule nzima bila kengele, nisingeitumia kwa jambo hili. Ningekuambia nusu, ningeuona uso wako, na nusu ya pili ningeigeuza kuwa lawama juu yako. Nimekufanyia hivyo tangu ukiwa mdogo, na nakuwa hodari zaidi kadiri ninavyozeeka.

Basi naanza na jambo lenyewe, ili hata ukichoka kusoma uwe umelipata. Programu yako ya ripoti haikukosea. Dirisha la onyo lilitokea. Nililiona, nikalisoma lote, nikabonyeza Endelea kwa kidole changu mwenyewe.

Sasa kaa chini. Yaliyobaki ni mabaya zaidi.

Ulikuja kumzika mama yako, ukabaki. Sikukuomba ubaki. Nilikohoa tu kwa wakati unaofaa. Ulikuwa na shahada yako na kazi ile ambayo hata sasa majirani wetu wa hapa Nyanga hawaijui jina lake, ya kutengeneza vitu vidogo vinavyopachikwa ndani ya programu za ofisini ili zifanye kazi ambazo waliozitengeneza hawakuzifikiria. Mwenye steshenari wa mtaa wa Bakoba ulimwekea kichupo kipya juu kabisa kwenye Word yake. Mtu akija kuchapisha barua ya maombi ya kazi, anabonyeza mara moja na anwani inakaa mahali pake, tarehe mahali pake, na jina la mwombaji halikosewi tena chini. Watu wakaanza kutoka hata Ijuganyondo kuja kuchapa kwake. Ulinisimulia ukiwa umesimama, mikono inaruka. Nami nikakuuliza mbele ya wageni, "Kwa hiyo chuo kikuu chote kile umetoka fundi wa vitufe?"

Wageni wakacheka. Nawe ukacheka. Ulikuwa bado unacheka siku hizo.

Kisha akaja Mwalimu Jovin. Yeye leo ni mkuu wa shule ile ninayoiita yangu ingawa nilistaafu zamani; nilimfundisha na kumchapa, na katika ofisi iliyokuwa yangu bado alikuwa akinipisha nikae kwanza. Akasema walimu wake wanamaliza wiki nzima ya kufunga shule wakijumlisha alama, na bado wanakosea. Ukamwambia, "Niachieni, Mwalimu. Nitawawekea kichupo kwenye Excel. Kila mwalimu anajaza alama za somo lake, mnabonyeza, programu inakusanya, inapanga nafasi, inamwaga kila mtoto kwenye ripoti yake pamoja na maoni. Chai haitapoa."

Uliketi hapa barazani kuiandika, na hapa ndipo tulipogombana juu ya namba. Unakumbuka vizuri kuliko mimi, lakini niache niandike, kwa maana nimeyasema maneno yale na sijawahi kuyasikia.

"Tata, kila mwanafunzi lazima atambulike kwa namba yake ya usajili."

"Hawana majina?"

"Wanayo, ila yanafanana. Walimu wanaandika majina mawili tu. Programu ikitafuta jina, inachukua la kwanza inalolikuta. La pili haifiki."

"Basi ifundishe adabu, ifike."

Jovin akacheka mpaka akamwaga chai kwenye sosa. Nikaendelea kwa kuwa nilikuwa na msikilizaji. Nikasema mfungwa ana namba na ng'ombe wa ranchi ana namba, lakini kwetu jina la mtoto linakaliwa kikao. Wewe mwenyewe nilikupa jina la amani kwa sababu ulizaliwa majuma yale niliyopatana na kaka yangu juu ya mpaka wa kibanja. Katika shule yangu hakuna mtoto aliyewahi kuitwa kwa namba, na haitaanza na binti yangu. Nilisema vizuri sana. Nilikuwa na haki juu ya majina na sikuwa na haki juu ya kazi yako, lakini ukiwa mwalimu mkuu kwa muda mrefu unazisikia hizo mbili kama haki moja.

Ukatii. Uliondoa namba kwenye utafutaji, ukaweka majina. Ila ukaongeza kitu bila kuniambia, na ukanionyesha kikiwa tayari. Majina mawili yakifanana, kazi inasimama na dirisha la manjano linatokea katikati: "Majina yanafanana. Hakiki namba za usajili." Chini kuna vitufe viwili, Rudi na Endelea.

Nikakuuliza, "Kama ni hatari, hiyo Endelea ya nini?"

Ukanijibu, "Wakati mwingine mwenye kazi anajua kuliko programu, Tata. Si vizuri kumfungia mlango."

Kitufe kile ulikiweka kwa ajili ya watu kama mimi. Nimelifikiri neno lako hilo kila siku tangu koo hili lianze, na sina la kuliongeza.

Halafu maoni. Wewe ulikuwa umeandika sentensi za kiungwana kwa kila daraja. Nilizisoma nikazifuta, nikakupa zangu, zile nilizokuwa nikiandika kwa wino mwekundu zamani. Kwa wa daraja la chini kabisa niliandika: "Mzazi atafakari kama shule ndiyo njia ya mtoto huyu." Ukasema, "Hii ni kali, Tata." Nikasema ukali ndio uliojenga shule. Ukaipachika.

Siku ya kuchapa ripoti hukuwepo. Kompyuta ya steshenari ilikuwa imegoma na ulikwenda Bakoba kuiamsha. Ofisini kwa walimu wakanipa kiti cha katikati. Jovin akasema, "Mzee wetu ndiye atakayebonyeza." Walikuwa nyuma yangu na soda zao, wanapongezana kwamba safari hii watafunga shule kama watu. Nikabonyeza. Kazi ikaenda darasa kwa darasa, na kwenye kidato cha pili ikasimama. Dirisha la manjano. Neema Joas na Neema Joas, mmoja wa bweni kutoka Muleba, mwingine wa kutwa kutoka Ijuganyondo.

Unajua Rudi ingetaka nini? Ingetaka niinuke, nigeuke, niwaambie wale vijana wenye soda, "Binti yangu alisema namba, mimi nikakataa." Hilo tu. Halikuwa hata aibu kubwa. Wangecheka kidogo na kuniletea daftari la usajili. Nilidhani ni mimi pekee niliyelisoma dirisha. Nikabonyeza Endelea, nikasema kwa sauti, "Mambo ya mtandao haya," na hata mtandao haukuwepo.

Programu ikafanya kama ulivyotabiri. Ikachukua Neema iliyemkuta kwanza, yule wa Ijuganyondo, aliyekuwa wa mwisho au karibu na mwisho, ikawapa wote wawili alama zake. Na chini ya alama hizo ikaweka sentensi yangu.

Aliyegundua ni mwalimu wa hesabu, shule ilipofunguliwa. Aliuliza darasani, "Neema wa Muleba yuko wapi? Yule ndiye aliyekuwa akinikosoa ubaoni." Hakuna aliyejua. Ndipo Jovin alipomwita baba wa Neema, Ta Joas, mbele ya walimu wote, na wewe ukaitwa, na mimi nikaja kwa sababu bila mimi kikao hakikai.

Ta Joas alikuwa amevaa koti la kanisani. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Mimi nina kahawa na migomba," alisema. "Karatasi ilikuja imechapwa vizuri, ina muhuri. Imesema mzazi atafakari. Nikatafakari. Ningebishana na shule mimi, kwa elimu gani?"

"Mtoto yuko wapi sasa, Ta Joas?" Jovin akauliza.

"Kwa shemeji yangu, Biharamulo. Analea watoto wake."

Wakampigia Neema, wakaweka sauti ya nje. Jovin akamweleza polepole kwamba kumetokea kosa, kwamba yeye alikuwa wa kwanza katika hesabu, kwamba nafasi yake ipo. Kulikuwa na mtoto analia upande ule. Kisha tukasikia sauti ya msichana, kavu, kama ya mtu mzima aliyeamshwa.

"Sirudi, Mwalimu. Mlishaniambia mimi mjinga, nikakubali. Sasa mnataka nini? Msinichezee." Akakata.

Jovin akanigeukia mimi, si wewe. "Mzee, ilikuwaje?"

Hapo ndipo nilipokuua, mwanangu, na nilikuua kwa Kiswahili fasaha. Nikasema, "Ni hii programu ya binti. Nilimwonya juu ya haraka. Vijana wanapenda kitufe kuliko kazi."

Ulinitazama. Hukunishuku hata kidogo. Ulinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ni wapi alipotelezea. Kisha ukasema, kwa neno letu la heshima, "Ni kosa langu, waitu. Nisameheni."

Ta Joas akakwambia bila hasira, "Ungeuza nyanya tu, binti. Nyanya ikioza inaonekana." Na mimi, baba yako, nikatikisa kichwa kukubaliana naye.

Ungelia siku moja na kusahau, ningekuwa na kosa moja la kuungama, nalo lingetosha. Lakini wewe ni mtu wa kutafuta sababu. Jioni baada ya jioni uliketi hapa barazani na kompyuta magotini. Uliandika Neema Joas, chini yake Neema Joas, ukawapa alama mbalimbali, ukabonyeza. Dirisha likatokea. Ukafuta, ukaanza upya, likatokea. Ulibadilisha herufi kubwa na ndogo. Uliacha nafasi mwishoni mwa jina. Ulitafuta toleo lilelile la zamani la Excel wanalotumia shuleni, ukalipakia, na bado dirisha likatokea. Nami nilikuwa kwenye kiti changu, na chai uliyonipikia.

"Tata, hapa linafanya kazi. Kwa nini kule halikufanya?"

"Labda kule lilikuwa na haya."

"Wewe ulikuwepo, Tata. Hukuona kitu? Hata kitu kidogo cha manjano?"

"Ningeona, ningekaa kimya?"

Ukasema, "Hapana, Tata. Samahani."

Uliniomba samahani kwa kuniuliza. Nikaipokea.

Jioni ya mwisho ulisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema chumvi imekwisha, "Kama kitu kinafanya kazi mbele yangu na kinaacha nikigeuka, basi sijui ninachokifanya." Ukaifunga kompyuta. Ningeweza kuinyanyua mikono yako ile kwa neno moja. Neno lilikuwa mdomoni. Nikaomba sukari.

Ungedhani ilikuwa aibu tu, na hadi wakati huo ilikuwa aibu. Lakini katikati ya jioni zile ulinipa habari ya Dar es Salaam. Kampuni ilikuwa imeona ulichokifanya Bakoba, ikataka uzitengenezee ofisi vitu vya aina hiyo, na ikaomba jina la mtu wa kuzungumza naye juu ya kazi yako. Ukawapa Jovin. Jovin, kwa heshima, akawapa namba yangu. Hukujua hilo. Mtu wao alinipigia nikiwa nimekaa kwenye jua pale karibu na mti wa kahawa wa kale, na alikuwa kijana mpole, alinisalimia shikamoo mara mbili.

Nikamwambia, "Ni mtoto mzuri sana. Ila kazi yake inataka mtu wa kuipitia nyuma yake."

Nimeandika maoni ya wanafunzi tangu ujana wangu, na hakuna sentensi niliyowahi kuipanga vizuri kama hiyo. Haikuwa na tusi ndani yake. Ungeisikia ungedhani nakusifu. Yule kijana akanishukuru kwa uwazi wangu, na wewe ukangoja simu, ukangoja, mpaka siku moja ukaacha kubeba simu jikoni.

Nilijua ninachokifanya, nacho nitakiandika bila kukipamba. Nilikuwa nimeanza kushindwa kumeza. Nilitaka ndizi zangu zipondwe na mtu anayejua ninavyozipenda. Sikutaka msichana wa kazi kutoka kusikojulikana anigeuze kitandani. Nilikupima wewe kwa upande mmoja na ndizi kwa upande wa pili, Kemi, na ndizi zikawa nzito.

Mama yako aliyaona haya kabla yangu. Hospitalini, siku zile za mwisho, nilipokuwa nimemshika mkono na kujiona mume mwema, alinivuta karibu akaniambia, "Baba Kemi, nikiondoka, huyu mtoto usimfanye mimi." Nikadhani ni homa. Haikuwa homa. Yeye alikuwa na cheti chake cha ukunga, alichokiacha sandukuni kwa kuwa mimi nilihitaji chakula cha mchana cha moto. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, na kwenye mazishi nikasimama nikasema alipenda kukaa nyumbani.

Wiki iliyopita, asubuhi moja sauti ilipokuwepo, nilimwita Jovin. Uliona gari lake. Ulidhani amekuja kuniombea. Nilitaka kuanzia kwake kwa sababu ni rahisi kuungama kwa mtu uliyemchapa. Nikamweleza juu ya dirisha na kitufe. Alikaa akitazama kofia yake magotini.

"Mzee," akasema, "tuliliona."

"Nani aliliona?"

"Sote. Lilikuwa kubwa, la manjano, katikati ya kioo. Mwalimu wa hesabu alinigusa mgongoni nikamzuia. Nikafikiri, mzee anajua anachofanya. Na baadaye, kwenye kikao..."

"Kwenye kikao nini?"

"Tungesemaje mbele ya Ta Joas kwamba wewe ndiye? Wewe, Mzee? Tukaona binti bado kijana, atainuka. Wewe ungevunjika."

Niliwaka hasira, Kemi. Mimi ndiye niliyekasirika! Nikamwambia ni mwoga, kwamba sikumfundisha hivyo. Naye akaniambia taratibu, bila kuinua macho, "Ulitufundisha hivyo hivyo, waitu." Akaaga, akaniwekea mkate mezani, akaenda.

Kwa hiyo katika chumba kile siku ile, zaidi ya baba wa mtoto, wewe peke yako ndiye hukujua. Walimu wote waliketi kwenye mabenchi yao na kukuangalia ukiomba radhi kwa kosa ambalo kila mmoja wao aliliona likitendeka. Na baadaye walikusalimia njiani kwa upole, nawe ukaniambia, "Walimu wamenisamehe, Tata, ni watu wema."

Unatakiwa uipate habari hii yote, hata sehemu hiyo. Kama ningekuambia juu yangu peke yangu, ungesema mzee anaumwa, anajibebesha mzigo ili niondoke na moyo mwepesi. Nakujua. Sasa unao mashahidi. Mpigie mwalimu wa hesabu, muulize alimgusa nani mgongoni.

Nimejaribu kurudisha nilichochukua, na hakirudi. Kijana wa Dar es Salaam nilimwandikia ujumbe, nikamweleza kwamba nilimdanganya. Alijibu kwa adabu kwamba hakumbuki jina hilo, wamehojiana na wengi, na akanitakia afya njema. Nilimkata miguu mtu ambaye hakukumbukwa hata kukatwa kwake. Biharamulo nilipiga simu pia. Neema alipokea, akasikia sauti yangu hii ya karatasi, akauliza, "Wewe ni nani?" Nikataja jina. Hakunitukana. Alisema ana nguo za kufua. Tangu hapo namba yangu haiiti kwake.

Nafasi ya kukushauri nimeipoteza, lakini kuna mambo machache nimeyaona kutoka upande wa mtenda, na upande huo wewe huujui. La kwanza ni kwamba uliomba radhi haraka mno. Mtu anayekuonea anasubiri neno hilo kama mwenye njaa. Ukishalitoa, anaacha kujitafuta yeye. Ungenyamaza tu pale kikaoni, ungesema, "Nitaangalia kwanza," nadhani ningevunjika. Sina hakika. Nilikuwa mgumu siku ile.

Lingine, ni hao wanaokuja kwako na heshima. Si mimi tu. Popote utakapokwenda patakuwa na mzee wa ofisi anayepishwa kiti, na siku mashine itakapomwambia amekosea, hatatazama mashine, atatafuta aliye mdogo chumbani. Usinichukulie mimi kuwa wa ajabu. Ukinifanya wa ajabu hutamtambua mwingine.

Na juu ya mikono yako. Nilisikia ukimwambia shangazi yako Adela juzi, mlipokuwa mnapanga atakavyonihudumia, kwamba vitu vya kompyuta "havikuwa vyangu." Adela akaitikia, "Kila mtu na riziki yake." Nilikuwa nyuma ya pazia na sikusema kitu, kwa sababu ya koo, na kwa sababu nilikuwa bado sijafika hapa nilipofika leo. Vilikuwa vyako. Ulijenga kitu kilichoona kosa kabla ya watu wenye vyeti na soda kuliona, kikasimama, kikasema kwa lugha ambayo hata mimi nililazimika kuielewa. Kilifanya kazi mbele yako, na ulipogeuka kikaendelea kufanya kazi. Aliyeacha kufanya kazi ni baba yako.

Unaweza kwenda Mwanza kuuza sare. Ni kazi ya halali na mama yako mdogo ni mtu mwenye furaha. Lakini kama utaziuza, ziuze kwa kuwa umezichagua. Usiziuze kwa kuwa nilikuambia uongo kwenye kiti hiki.

Umekuwa ukidhani nakufukuza kwa sababu nimechoka kukuona. Ulimwambia Adela hivyo pia. Nilikuambia "Nenda, sitaki mtu wa kunililia," nawe ukaenda kufunga begi, kwa jinsi ulivyozoea kunitii. Ukweli ni kwamba nilitaka uondoke kabla sijabadili nia na kukohoa tena.

Msamaha sikuombi. Nikikuomba nitakuwa nakupa kazi nyingine, na utaifanya vizuri, na utaifanya leo kabla ya kulala. Sitaki. Kaa na hasira yako kadiri inavyokufaa. Kama habari ya mazishi yangu itakufikia na usije, Adela atawaambia watu uongo wowote anaoupenda, hajawahi kukosa.

Kulikuwa na njia rahisi ya kukupa barua hii. Ningeichomeka ndani ya begi lako, uikute kesho ukiwa umeshapita Muleba, na mimi huku nakunywa uji wa mwisho uliouacha kwenye chupa. Asubuhi yote nilikuwa nimekusudia hivyo. Nilishaikunja hata karatasi ya kwanza iwe ndogo. Kisha nikaona kwamba leo jioni utaponda ndizi zangu, utaziwekea samli kidogo, utanifunga kitambaa shingoni na kunishikia kijiko, mara ya mwisho, na utafanya hivyo ukiwa hujui. Ingekuwa wizi mmoja zaidi, na ningeumeza wote.

Kwa hiyo utaisoma sasa, nikiwa nimekaa mbele yako na nguvu za kukimbia sina. Umemaliza nguo. Umeketi kwenye kigoda na mkungu uko miguuni, kisu umekishika, na bado hujamenya hata moja. Sauti yangu haifiki uani.

Nagonga meza.